Sanduku la bati la babu: nichome, nimpe mama wa karanga au nipeleke chuo?

Mwana wa Kiwira (Ijumaa, saa 3:40 usiku)

Wadau, salaam. Niko nyumbani Tukuyu kwenye mambo ya mirathi. Babu alifariki 1994, bibi akakifunga chumba chake na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu. Bibi naye tumemzika mwaka jana, na sasa baba mdogo anataka hicho chumba kiwe stoo ya mbolea. Jana tumetoa sanduku la bati chini ya kitanda, yale ya kijani waliyokuwa wakiendea shule za bweni zamani. Nikajua ni nguo. Kumbe ni makaratasi mpaka juu.

Babu alikuwa karani. Ujanani alifanya kazi machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, kisha akarudi akawa karani wa ushirika wa kahawa mpaka macho yalipomkatalia. Humo ndani kuna daftari za vikao vya ushirika za miaka ya hamsini, risiti za kodi, barua za mdogo wake aliyekwenda Kopabelti, migodi ya shaba ya Zambia, asirudi (nusu Kiswahili, nusu Kinyakyusa), shajara mbili zimekatika jalada, na picha 41 za rangi nyeusi na nyeupe. Mvua za huku mnazijua wenyewe. Karatasi za chini zimeshaanza kushikana.

Baba mdogo anasema zimekaa miaka yote hiyo hazijaleta hata kipande cha sabuni. Choma. Shangazi anasema ampe jirani anayeuza karanga. Mimi roho inakataa, ila Dar sina pa kuziweka, napanga chumba kimoja. Kuna mtu kaniambia vyuo vikuu vinapokea vitu vya namna hii. Ni kweli au maneno ya mtaani?

Nimeanza kuzipanga kwa ukubwa ili ziingie kwenye maboksi.

Tunduma Boda (saa 3:58 usiku)

Karanga za kwenye kumbukumbu za vikao ndizo tamu, unasoma ajenda huku unatafuna.

Kwa uzito sasa mkuu, usidanganyike. Maktaba za vyuo vyetu ni mahali pa kuchajia simu. Marehemu baba alitoa majalada yake kwa taasisi moja, siitaji, wakapiga naye picha, wakampa na soda. Miaka sita baadaye nilikwenda kuuliza. Aliyepokea alishahama, aliyepo hajui, na kwenye daftari lao la mapokezi hakuna mstari hata mmoja. Hiyo soda ndiyo risiti yetu.

Kabati la Chuma (saa 4:20 usiku)

ACHA KUPANGA. Samahani kwa herufi kubwa, ila acha sasa hivi, hata kama umefika nusu.

Nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo kimoja hapa Iringa, upande wa nyaraka, mwaka wa kumi na moja huu. Kila wiki tunaletewa kitu, na nusu ya thamani yake imeshauawa na ndugu wenye nia njema. Karani wa zamani hakuweka karatasi ovyo. Barua ya Kopabelti ikikaa ndani ya daftari la ushirika, kuna sababu. Pengine ndipo alipoandika deni alilokopa kumtumia mdogo wake nauli. Ukiitoa ukaipeleka kwenye boksi la barua, umebaki na barua na daftari, na ile habari iliyokuwa katikati yao imekufa. Sisi tukipokea mzigo, kazi ya kwanza ni kuuacha ulivyo na kuandika ulivyokuja.

Mengine ya usiku huu:

Usianike juani, wino unapauka na karatasi inakunjamana. Tandaza chumbani penye hewa, dirisha wazi. Zilizoshikana usizibandue kwa kisu, ziache zikauke taratibu. Pini na klipu zilizoota kutu zitoe polepole, ila karatasi zilizokuwa pamoja zibaki pamoja, zifunge kwa kipande cha karatasi nyeupe. Selotepu hapana. Na nakuomba kwa jina la wahenga wako wote, usipeleke hata moja stationari ikatiwe nailoni! Ndiyo balaa kubwa tunalopokea siku hizi. Mtu ana cheti cha ubatizo cha babu yake, anakipenda, anakwenda kukipika kwenye mashine ya moto. Gundi ile haitoki tena, na karatasi inaozea humo humo ndani huku inang'aa.

Mwana wa Kiwira (saa 4:31 usiku)

Nimeacha. Nimeshachanganya kama robo tatu. Moyo umenishuka.

Lugalo1891 (saa 5:02 usiku)

Pole mdogo wangu. Mimi wa Kalenga, wacha nikutie moyo kwa habari ya karatasi.

Chifu wetu Wahehe, Mkwawa, alipojimaliza Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898, Wajerumani walichukua kichwa. Kila Mhehe alijua, wazee walisimulia, lakini masimulizi ya kwetu hayakumsumbua mtu Ulaya. Kilichowasumbua ni kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, 1919, kilichosema Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Vita vya pili vikapita, watu wakafa, na ile sentensi ikabaki pale pale ilipoandikwa. Gavana Twining wa Tanganyika alipokwenda Bremen kutafuta kwenye makumbusho, alikuwa na karatasi ya kushikia. Mwaka 1954 fuvu likaja Kalenga, likapokewa na Chifu Adam Sapi, mjukuu wake. Yule yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Sisemi daftari la kahawa ni Versailles. Nasema karatasi ina uvumilivu ambao sisi watu hatuna.

Dada wa Uyole (Jumamosi, saa 1:15 asubuhi)

Nimeusoma uzi huu kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Mwana wa Kiwira, unajua daftari za mtu kama babu yako ziko wapi kwa sasa? Cape Town. Mwaka 1934 mpaka 1938 watafiti wawili, mume na mke, Godfrey na Monica Wilson, waliishi huko kwenu Rungwe wakiandika maisha ya Wanyakyusa. Karatasi zao ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town, zina namba yake kabisa, BC880. Nilisoma huko, nikaenda kuziomba kwa udadisi tu. Na si maneno ya Wazungu peke yake. Walikuwa na karani wao Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo, kijana aliyefariki 1938, ambaye kalamu yake imo ndani ya kazi ile. Nilikaa kwenye meza ya chuo cha watu, kilomita maelfu kutoka Tukuyu, nasoma habari za ng'ombe wa mahari, mazishi na ugomvi wa mashamba ya migomba. Nililia kidogo, sitadanganya. Nyumbani hakuna aliyewahi kunitajia jina la Mwaisumo.

Ukitaka habari za misheni ya Rungwe iliyoanza 1891 (mwaka ule ule wa vita vya Lugalo, Wahehe na Wajerumani, ndugu wa Kalenga) utapelekwa Herrnhut, Ujerumani, kwa Wamoraviani. Mafaili ya serikali ya Kijerumani angalau yako Dar, Nyaraka za Taifa, na UNESCO waliyaingiza kwenye orodha yao ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Lakini faili la serikali lina sauti ya bwana shauri. Sauti ya karani wa ushirika iko kwenye sanduku la bati.

Tunduma Boda (saa 1:40 asubuhi)

Dada, hapo umenisaidia mimi kuliko yeye. Basi apeleke huko huko Cape Town, wenye utaratibu.

Dada wa Uyole (saa 1:52 asubuhi)

Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani ukaingia chuoni kwao. Ukumbi wa Jagger, ule wenye mkusanyiko wa vitabu vya Afrika, uliteketea. Vilivyokuwa chini ya ardhi vingi vilipona moto vikalowa maji ya kuzimia, na watu wa kujitolea walibeba makreti siku baada ya siku. Hiyo ni maktaba yenye pesa na milango ya chuma. Usiniambie habari ya mahali salama. Salama ni nakala tatu sehemu tatu.

Mwalimu Chaki (saa 3:10 asubuhi)

Wanangu, shikamoo zenu nazipokea, marahaba. Nina miaka 74, nimefundisha mikoa yote hii tangu Iringa haijamzaa Njombe (2012) wala Mbeya haijamzaa Songwe (2016). Wakati wa mkoloni kote huku kulikuwa jimbo moja, Nyanda za Juu Kusini, makao makuu Mbeya. Ndiyo maana historia ya mtu wa Njombe unaweza kuikuta kwenye jalada la Mbeya, na mtafutaji asiyelijua hilo huzunguka bure.

Nina jambo la kuungama. Shule moja niliyofundisha ilikuwa na kabati la daftari za tangu enzi ya Mwingereza: majina ya wanafunzi, vijiji vyao, nani kachapwa na kwa kosa gani, nani katoroka kwenda machimboni. Mwaka fulani tukaambiwa kiongozi anakuja, tufanye usafi. Mkuu akasema kabati lile linatia aibu. Tulichoma asubuhi nzima. Aliyewasha kiberiti ni mimi.

Baadaye walinijia watu wa kijiji na kesi ya ardhi. Walitaka kuonyesha kwamba babu zao walikuwa wakikaa pale kabla ya shamba la mzungu. Daftari lile lingeonyesha, maana tuliandika kijiji cha kila mtoto. Niliwatazama nikawaambia hakuna.

Huyo mzee wako kama alikuwa Lupa miaka ya thelathini, ameuona mwanzo wa Mbeya. Mji ule ulianza 1927 kwa ajili ya dhahabu ile. Wageni waliochimba wana picha zao. Vijana wa Kinyakyusa na Kisafwa waliobeba mchanga, nani kaandika habari zao? Soma hizo shajara kabla hujampa mtu.

Kabati la Chuma (saa 4:05 asubuhi)

Mwalimu, shikamoo. Umesema hadharani jambo ambalo wengi tumelifanya tukanyamaza.

Nijibu la Tunduma Boda, maana ana haki ya kukasirika. Ni kweli tunapoteza, na mara nyingi si wizi. Ni kwamba kitu kilipokelewa na mtu, hakikupokelewa na ofisi. Kwa hiyo mwenye sanduku, kabla hujatoa hata karatasi moja, nenda mkono mtupu. Vyuo vipo. Huko Mbeya mna TEKU, mna MUST, mna Chuo Kikatoliki; Iringa kuna MUCE, RUCU na Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho mradi wake wa Fahari Yetu ndio uliogeuza Boma la Wajerumani kuwa makumbusho mwaka 2016. Popote utakapokwenda, omba wakuonyeshe chumba. Wakikupeleka kwenye ngazi penye viti vibovu, aga kwa heshima. Uliza ufunguo unashikwa na nani na akistaafu anamwachia nani. Halafu omba wakuonyeshe orodha ya mzigo wa mtu mwingine waliyemaliza kumhudumia. Hii ndiyo dawa. Mtu anaweza kukuonyesha chumba kizuri cha jana, orodha ya kurasa ishirini hawezi kuitunga ukiwa umesimama mlangoni.

Kisha hati ya makabidhiano, kurasa mbili zinatosha. Nani katoa, nini kimetolewa, kama ni zawadi moja kwa moja au amana, nani aruhusiwe kusoma na lini, na familia ipate nakala za picha zote. Muhuri wa chuo, sahihi ya mkuu wa maktaba. Kumbuka na hili: karatasi ya barua ni yenu, lakini haki ya maneno ni ya aliyeandika na warithi wake. Watoto wa yule wa Kopabelti kama wapo, watafuteni.

Mchwa wa Iringa na ukungu wa Tukuyu ni maadui tofauti. Huku kwetu tunainua maboksi yasiguse sakafu wala ukuta. Kwenu unyevu ndiyo kifo, kwa hiyo usilirudishe sanduku chini ya kitanda hata kwa wiki moja.

Tunduma Boda (saa 4:30 asubuhi)

"Kilipokelewa na mtu, hakikupokelewa na ofisi." Hapo nimekuelewa. Jumatatu narudi kule na barua.

Mwana wa Kiwira (Jumamosi, saa 2:45 usiku)

Wakuu, nimesoma shajara moja mpaka macho yanauma. Nina habari mbili.

Nzuri: mdogo wangu wa kike alirekodi video tulipofungua sanduku, airushe kwenye grupu la familia la WhatsApp. Dakika nne! Anacheka na kutaja kila bahasha inayotoka. Nimekaa nayo mchana kutwa, nasimamisha, narudisha, nimerudisha asilimia kubwa ya vifurushi kama vilivyokuwa. Kabati la Chuma, ulisema kweli tupu. Barua tatu za Kopabelti zilikuwa ndani ya daftari la ushirika, na kwenye ukurasa ule ule kuna deni la babu.

Mbaya: kuna daftari jingine la madeni. Majina kamili ya wanachama, nani alikopa, nani alikana, nani kasemwa kamroga nani kwa ajili ya kahawa. Watoto wa hao watu ni majirani zetu. Mmoja ni mwenyekiti wa kitongoji. Baba mdogo kaliona, kasema hili lichomwe, na safari hii siwezi kumwambia hana akili.

Lugalo1891 (saa 3:00 usiku)

Historia ni historia. Iringa kwetu wapo wazee ambao mpaka leo wanashusha sauti wakisimulia Isimani na kuuawa kwa Dakta Klerruu, mkuu wa mkoa, Krismasi ya 1971. Ni miaka zaidi ya hamsini. Tukingoja kila mtu aridhike hatutaandika kitu.

Dada wa Uyole (saa 3:12 usiku)

Kaka, Isimani ilikwenda mahakamani, ikaandikwa magazetini. Mkopo wa jirani wa shilingi arobaini na tuhuma ya uchawi si kitu kimoja na hicho. Mtoto wa mtu anaishi hapo.

Kabati la Chuma (saa 3:35 usiku)

Hakuna haja ya kuchoma wala kuanika hadharani. Daftari kama hilo linafungwa. Linaingia kwenye orodha kwa jina tu, "daftari la mikopo", linawekwa kwenye bahasha yenye lakiri, na hati inasema lisifunguliwe mpaka mwaka fulani. Serikali yenyewe kwenye Nyaraka za Taifa huweka miaka 30. Kwa tuhuma za uchawi mimi ningeongeza, tangu leo, si tangu lilipoandikwa. Nimeshafungia barua za mapenzi za mchungaji mmoja mpaka wajukuu zake wazeeke. Zipo, ziko salama, sizisomi. (Nilisoma moja. Ndipo nikajua zifungwe.)

Sasa sikiliza jambo ninalolihofia zaidi ya daftari. Picha zako 41. Zina maandishi nyuma?

Mwana wa Kiwira (saa 3:41 usiku)

Tatu tu. Nyingine hazina hata tarehe.

Kabati la Chuma (saa 3:50 usiku)

Basi una kazi ya haraka kuliko karatasi zote. Karatasi inaweza kusomwa hata baada ya miaka mia. Picha isiyo na jina ni watu waliosimama mbele ya nyumba. Tuna kabati zima la watu waliosimama mbele ya nyumba, na hakuna awezaye kutuambia ni akina nani. Mtafute mzee yeyote aliye hai aliyekuwepo. Usimpelekee zote kwa mpigo, tano tano, asubuhi, kabla hajachoka. Simu iwe inarekodi sauti. Usimwongoze, usiseme "huyu si babu?", muulize "unaona nini hapa?" Andika nyuma kwa penseli laini, pembezoni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hapana, inapenya mpaka usoni mwa mtu.

Mwalimu Chaki (saa 3:58 usiku)

Na umpelekee sukari.

Mwana wa Kiwira (Jumatatu, saa 1:20 usiku)

Nimerudi. Chuo nilikwenda asubuhi, mkono mtupu kama nilivyoelekezwa, Mbeya. Sitakitaja mpaka tusaini. Chumba ni kidogo, kina feni moja, lakini dada wa pale alinitolea orodha ya mzigo wa mzee mmoja wa ushirika wa pareto, kurasa kumi na saba, kila barua na mstari wake. Kaniambia hawana bajeti ya maboksi maalumu na skana yao hufanya kazi inapojisikia. Nikampenda kwa kusema ukweli. Baba mdogo kakubali iwe amana kwanza, miaka mitano, halafu familia itakaa. Daftari la madeni litafungwa. Stoo ya mbolea anaipata wiki ijayo.

Mchana nikaenda kwa bibi mdogo, dada yake babu wa mwisho kuzaliwa, anakaribia tisini. Nilibeba sukari kilo mbili na picha tano. Nne hazikumsumbua, alitaja mpaka mbwa. Ya tano ni ya watu wa ushirika wamesimama mbele ya mizani ya kahawa, na ukingoni kuna mwanamke ambaye aliyepiga picha amemkata kichwa, anaonekana kuanzia kifuani kwenda chini, miguu mitupu. Nilitaka kuiruka. Nikakumbuka, nikamuuliza unaona nini hapa.

Akaishika karibu na macho muda mrefu. Akaweka kucha yake kwenye mguu wa kushoto wa yule mwanamke, kwenye kidole gumba, ambacho ni kifupi. "Jembe lilimkata tukiwa shambani, mimi nikiwa mdogo. Huyu ni mama."

Nikamuuliza jina la mama yake. Akanitajia la ubatizo, lile tunalolijua. Akanyamaza, akanywa chai. Kisha akanitajia na lile alilokuwa nalo kabla ya ubatizo, ambalo nyumbani kwetu sijawahi kulisikia likitamkwa, akanirudisha mara mbili mpaka nikalisema sawasawa. Nimeyaandika yote mawili, kwa penseli.